Kufuta barua pepe mia bila kupoteza oda ya mnunuzi

Leo naweka mbolea na viuatilifu pembeni, tuongee kompyuta. Msinune, na hii ni sehemu ya biashara.

Juzi kijana mmoja wa parachichi huku Njombe alinipigia saa tatu usiku. "Shikamoo bwana shamba, oda ya mnunuzi imepotea." Oda yenyewe ndiyo ina tani anazotaka, ukubwa wa tunda, bei na siku ya lori. Alikuwa anasafisha barua pepe kwenye Thunderbird, ile programu ya bure ambayo wengi wenu mnayo kwenye laptop. Matangazo yamejaa, akachoka kufuta moja moja, akaanza kufuta kwa mafungu. Wazo zuri, ila fungu lina utaratibu wake.

Barua zikiwa zimefuatana, bofya ya kwanza, shuka chini, shikilia kitufe cha Shift, halafu bofya ya mwisho. Zote za katikati zinapata rangi. Kama maus inakusumbua, shikilia Shift huku unabonyeza mshale wa kushuka.

Zikiwa zimetawanyika, shikilia Ctrl na ubofye unazotaka. Ukikosea, bofya tena hiyo hiyo ukiwa bado na Ctrl, inatoka. Hapa ndipo wengi wanapochukia: umeshachagua 30, unaachia Ctrl kwa bahati mbaya, unabofya ya 31, zile 30 zote zinaachiwa. Hazijafutika, ila kazi unaianza upya.

Mimi mwenyewe situmii sana hizo mbili. Nachuja kwanza. Bonyeza Ctrl, Shift na K kwa pamoja, kisanduku kinafunguka juu ya orodha. Andika jina la anayekutumia matangazo, zinabaki zake tu. Pitisha macho, maana jina hilo linaweza kuwepo hata kwenye kichwa cha barua ya mtu mwingine. Kisha bofya barua moja kwenye orodha, ndipo ubonyeze Ctrl na A kuchagua zote zilizobaki. Usiruke hatua ya kubofya orodha: ukiwa bado ndani ya kisanduku, Ctrl na A inachagua maneno uliyoandika, siyo barua. Na Ctrl na A bila kuchuja ni sawa na kupulizia dawa ya magugu shamba zima bila kuangalia mahindi yako wapi.

Sasa kilichomkuta kijana wetu. Thunderbird inaweza kukunja mazungumzo, yaani barua na majibu yake yote yanakaa kwenye mstari mmoja wenye alama ndogo ya mshale pembeni. Yeye aliona mstari wa zamani wa kuulizia bei, akadhani ni barua moja. Kumbe ndani zilikuwemo sita, na ya mwisho ndiyo oda. Programu ilimuuliza kama ana uhakika wa kufuta yaliyokunjwa, akakubali bila kusoma. (Tuseme ukweli, nani anasoma?) Kabla ya kufuta, bonyeza alama ya nyota, *, mazungumzo yote yanafunguka, unaona kila barua.

Ukifuta kimakosa, Ctrl na Z hapo hapo inarudisha. Lakini ukishika Shift pamoja na Delete, barua haipiti kwenye takataka, inaondoka moja kwa moja. Mkono wako uuogope mchanganyiko huo, hasa ukiwa umetoka kuchagua kwa Shift na kidole bado kipo pale pale. Na kama simu na laptop zinasoma akaunti ile ile kwa mfumo wa IMAP, ukifuta huku na kule inapotea. Ndiyo maana kijana hakuiona hata kwenye simu.

Oda na risiti usizifute kabisa. Zichague kwa njia hizo hizo, halafu ziburute kwenye folda ya msimu.

Ya kijana tuliikuta kwenye takataka, kwa sababu alibonyeza Delete peke yake. Tulichuja kwa jina la mnunuzi, akaiburuta irudi kwenye kikasha. Ilikuwa Jumanne usiku. Lori liliingia Alhamisi, tani nne.