Je, Wajua? Faili Unaloburuta Halitoki Mahali Pake

Ingia steshenari yoyote ya Bariadi msimu wa maombi ya kazi, umtazame dada wa kompyuta. Anashika faili lililo kwenye flashi, analiburuta hadi juu ya programu ya kuandikia, anaachia. Barua hiyo imefunguka. Wateja husifu wepesi wa mkono. Hawajui kwamba katika safari hiyo fupi ya mshale, programu mbili zisizojuana zimesemezana mara nyingi, na kwamba zamani mazungumzo hayo yalikuwa siri.

Microsoft ilitoa Windows 3.0 mwaka 1990. Humo kila dirisha liliishi kwa kupokea ujumbe, na kila aina ya ujumbe ilikuwa na namba yake. Namba 554 hadi 559 hazikuelezwa kwenye miongozo ya watengenezaji programu. Hizo ndizo zilizosimamia kuburuta.

Ukianza kuburuta, mfumo ulizunguka bila kupumzika hadi uachie kitufe cha mausi. Dirisha lililo chini ya mshale lilipelekewa 555: je, unapokea hiki? Likijibu sifuri, mshale uligeuka alama ya katazo. Namba 558 ililiarifu kuwa mzigo umeingia au umetoka, 559 kuwa unasogea, na 557 ilimrudishia mwenye mzigo jibu lililopatikana. Ukiachia mahali panapokubali, ndipo ilipotumwa 554: umeshuka, pokea.

Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilitangaza rasmi ujumbe wa kupokea mafaili, namba 563. Hapo pana jambo ambalo wengi hulielewa vibaya: faili lenyewe halisogei. Kinachokabidhiwa ni orodha ya majina iliyowekwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kama stakabadhi ya choroko ambazo bado ziko ghalani. Programu inayopokea husoma majina, hufungua mafaili yenyewe, kisha sharti ifute orodha hiyo. Isipofuta, kumbukumbu inaliwa bure.

Upande wa kutuma uliendelea kufichwa. Mwaka huohuo wa 1992, Andrew Schulman, David Maxey na Matt Pietrek waliuanika katika kitabu chao Undocumented Windows. Walifanya vyema. Mwenye mfumo akijiwekea njia za chinichini, programu zake hushindana na za wengine zikiwa mbele tayari.

Sisi Watanzania nasi tuna letu. Tulipokuwa tukitoka kwenye katazo la mwaka 1974 la kuingiza kompyuta nchini, wenzetu walikuwa wakibishana juu ya siri hizi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya kazi za ofisi iitwayo Jambo OpenOffice, ya Kiswahili, ya bure, na yenye msimbo wazi kwa kila anayetaka kuusoma. Tukaiacha isahaulike.

Leo tunaburuta kila kitu: picha za simu, wasifu wa kuambatisha kwenye barua pepe, nyimbo, mitihani, takataka za kutupa pipani.

Walimu wa kompyuta wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, msiziite taka kompyuta kuukuu zilizolala stoo. Ziwekeeni Linux, mfumo ambao nao msimbo wake uko wazi. Ina programu ndogo ya bure iitwayo xev, inayomwonyesha mwanafunzi kila ujumbe unaolifikia dirisha lake.