Soya: Punje kwa Familia na Kuku, Maganda kwa Ng'ombe



Kiangazi kikikolea, ng'ombe hutembea mbali kutafuta majani. Wakiingia shamba la jirani, ugomvi huanza. Ekari moja ya soya karibu na boma haitalisha kundi zima, lakini itakusaidia kuwabakiza nyumbani ng'ombe wachache wa maziwa.

KUPANDA
Soya haipendi maji yanayotuama. Hapa Sanje, mbuga iache kwa mpunga. Chagua ardhi iliyoinuka kuelekea milima ya Udzungwa. Panda mwanzoni mwa Machi ili ikomae mvua zikipungua, mwezi Juni. Acha sentimita 45 kati ya mistari na 10 kati ya mashimo. Fukia sentimita 3. Zungushia uzio wa miba.

Mbegu ya soya hupoteza uotaji haraka. Jaribu kwanza punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota chini ya 80, ongeza mbegu shambani. Zikiota chini ya 50, tafuta mbegu nyingine.

KUVUNA
Vuna maganda yakiwa ya kahawia, asubuhi, kabla jua kali halijayapasua. Piga juu ya turubai. Usichome maganda na mabua. Yakaushe, yahifadhi pasipovuja, kisha katakata na uchanganye na mabua ya mpunga. Ng'ombe hupenda zaidi maganda. Mabua ni magumu.

TAHADHARI
1. Watu, kuku na ndama wanaonyonya wasile soya mbichi. Ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, hivyo kuku hula na hawakui. Chemsha dakika 30 tangu maji yatokote, mwaga maji, anika, saga.

2. Usimpe ng'ombe soya mbichi pamoja na urea, wala mabua yaliyowekwa urea. Soya mbichi huharakisha urea kugeuka amonia tumboni, na ng'ombe anaweza kufa ndani ya saa chache.

3. Funga ghala. Niliwahi kuitwa kwenye boma ambako ng'ombe walivunja mlango usiku wakala soya hadi wakashiba. Nilifika mmoja amekwisha kufa, tumbo limevimba.

Ukiona ng'ombe anatetemeka, anatoa povu au amevimba tumbo baada ya kula soya, usisubiri asubuhi. Mwite mtaalamu wa mifugo mara moja.