Mnajenga nyumba, msibomoe ndoa

 

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kusikika mimbarini, ingawa limezigusa nyumba nyingi za Waislamu. Nalo ni ujenzi. Sikusudii ujenzi wa msikiti wala wa madrasa, bali wa ile nyumba ya vyumba vitatu huko Chanika, Mbande au Bunju, ambayo mume na mke waliianza wakipendana, na ilipofika kwenye lenta wakawa hawasemeshani.

Wengi wetu hatujengi kwa mkupuo. Kiwanja hununuliwa mwaka huu, matofali hupigwa mwaka wa pili, msingi hukaa mpaka ukaota majani, kisha boma husimama bila paa likanyeshewa masika mbili au tatu. Muda wote huo mwenye nyumba ya kupanga anataka kodi yake ya miezi sita, watoto wanataka ada, na kila mfuko wa saruji unatoka katika fedha ya kitoweo. Ndiyo maana ugomvi wa ujenzi una ukali wake. Mtu huonekana anagombania mlango wa mninga, kumbe anailalamikia miaka sita ya kujinyima ambayo hakuna aliyemshukuru kwayo.

Allah (SW) katika Suratun Nahl ameitaja nyumba miongoni mwa neema zake, akaiita mahali pa utulivu. Neno lililotumika hapo linatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotumika katika Suratur Rum kueleza sababu ya mume na mke kuumbwa: wapate kutulizana. Kutoka mzizi huo sisi tumepata neno maskani. Basi ni jambo la kusikitisha kuona watu wawili walioumbwa wapeane utulivu wakiupoteza kwa sababu ya kutafuta mahali pa kutulia.

Dawa ya kwanza ni shura. Wako waume wanaodhani kushauriana na mke juu ya ramani ni kushusha hadhi ya mwanamume. Watu hawa na waisome aya ya 233 ya Suratul Baqara. Humo Allah (SW) anaeleza kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, iwe ni kwa kuridhiana na kushauriana kwao wote wawili. Ikiwa ziwa la mtoto linahitaji shura, itakuwaje nyumba itakayowasitiri mpaka uzeeni? Na Mtume (SAW) mwenyewe, siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, alipowaamrisha masahaba wachinje na kunyoa, wakabaki wamekaa kwa huzuni ya mkataba ule, aliingia kwa mkewe, Bibi Ummu Salama (RA), akamweleza. Bibi huyo akamshauri atoke asimsemeshe mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Akafanya hivyo, na watu wote wakamfuata. Jeshi zima lilinyanyuliwa na rai ya mke.

Hata katika kumchagua fundi, Qur'ani imetuhifadhia rai ya mwanamke. Katika Suratul Qasas, binti wa yule mzee wa Madyan ndiye aliyemshauri baba yake amwajiri Musa (AS), akataja sifa mbili za mtu anayefaa kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Mafundi wetu wengi wana moja kati ya hizo. Yule hodari wa kunyoosha ukuta huondoka na nondo, na yule mwaminifu hujenga ukuta uliopinda. Mke akisema, "Baba Fulani, huyu fundi simwamini," asiambiwe kwamba wanawake hawajui ujenzi. Naye fundi akimaliza kazi alipwe ujira wake upesi, kama tulivyoagizwa, wala asifanywe mateka wa ugomvi wa wenye nyumba, huyu akisema jenga na yule akisema bomoa.

Nitoe mfano mdogo. Waislamu wa Dar es Salaam hugombana sana juu ya choo. Mtume (SAW) alikataza kuelekea kibla au kukipa mgongo wakati wa haja. Wanazuoni wametofautiana kuhusu choo kilichomo ndani ya majengo, na wa madhehebu ya Shafi wameruhusu, ingawa kuepuka ni bora. Kwa Dar es Salaam kibla kiko karibu sawasawa kaskazini, hivyo choo kinachotazama mashariki au magharibi kimemaliza tatizo. Jambo hilo lingeamuliwa kwa dakika kumi, mume na mke wakiwa wamesimama kiwanjani na kamba na vijiti kabla msingi haujachimbwa. Lakini hukumbukwa siku fundi anapotandaza mabomba, na hapo kila mmoja humwona mwenzake hana dini. Hali ni hiyohiyo kwa sebule. Wazee wetu wa pwani waliweka daka na baraza nje ili mgeni mwanamume apokelewe bila wanawake wa nyumbani kubughudhiwa. Sisi tunanakili ramani kutoka magazetini, kisha mke anahamia na kukuta kwamba ili afike jikoni ni lazima apite mbele ya wageni wa mumewe.

Na hasira ikipanda, Mtume (SAW) amefundisha kwamba aliyesimama na akae, na isipomtoka basi alale. Ninavyoona, mazungumzo ya ujenzi yasifanyike kabisa kiwanjani, juani, mbele ya mafundi. Yafanyike nyumbani baada ya Isha, watu wakiwa wamekula.

Sasa tufike kwenye fedha, maana hapa ndipo penye mtihani wenyewe.

Mama mmoja, baada ya kumaliza eda, alikuja msikitini kwetu na bahasha ya stakabadhi. Kwa miaka minane aliuza vitumbua na baadaye vitenge, na fedha yake ikaingia katika nyumba bega kwa bega na mshahara wa marehemu mumewe. Stakabadhi zote, kuanzia ya kiwanja mpaka ya bati, zilikuwa na jina moja: la mume. Hakudhulumiwa na mume. Yule alikuwa mtu mwema, ila hakuna kati yao aliyewahi kuuliza fedha ile ni ya namna gani.

Tupige hesabu ya mfano. Nyumba ina thamani ya shilingi milioni 80, mke ametoa nusu ya gharama kwa makubaliano ya kumiliki nusu, mume amefariki bila deni wala wasia, ameacha mke mmoja na watoto. Kwa haki, milioni 40 ni mali ya mke na haziingii katika mirathi hata kidogo. Katika milioni 40 za marehemu, mke anapata thumni, yaani moja ya nane, ambayo ni milioni 5. Jumla yake ni milioni 45. Lakini ikiwa nusu yake haikuthibitika, nyumba nzima inahesabiwa kuwa ya marehemu, na mama yule anapata thumni ya milioni 80, yaani milioni 10. Warithi waliochukua zilizobaki huenda hawana choyo. Wamegawana kama Kitabu kilivyowaelekeza, juu ya mali waliyoonyeshwa kuwa ni ya ndugu yao.

Watu husema mali ya mke na mume ni moja. Uislamu haukusema hivyo. Bibi Zaynab (RA), mke wa Abdullah bin Mas'ud (RA), alikuwa na mali kuliko mumewe, akataka kujua kama sadaka yake kumpa mumewe inafaa. Jibu la Mtume (SAW) lilikuwa kwamba anapata ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Lau fedha ile ingekuwa ya mume tangu awali, ingewezekanaje kuitwa sadaka? Isitoshe, kumpatia mke makazi ni wajibu wa mume, kwa mujibu wa Suratut Talaq. Anachotoa mke katika saruji na mbao ni kheri yake, si kodi aliyofaradhishiwa.

Kwa hiyo, kila anapotoa, kisemwe: je, ni zawadi, ni mkopo, au ni ushirika? Ikiwa ni zawadi, imekwenda, na asije kuidai siku ya ugomvi, maana Mtume (SAW) amekemea vikali kurejea katika zawadi. Ikiwa ni mkopo, hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa. Ikiwa ni ushirika, fungu la kila mmoja lijulikane. Kisha iandikwe, washuhudie watu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imeshuka kwa ajili ya kuandikiana, na imewaita walioamini, wala si maadui. Anayeona daftari ni dalili ya kutoaminiana na aitafakari aya hiyo.

Sheria ya nchi nayo iko karibu na hayo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haikuifanya ndoa kuwa sababu ya kubadili umiliki wa mali; iliyoandikwa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyoandikwa kwa majina yote mawili huchukuliwa kuwa ya wote kwa usawa. Basi tangu siku ya kuandikishana kiwanja mbele ya serikali ya mtaa, kama ni cha wawili, yaandikwe majina mawili. Ni wino wa dakika moja.

Ama yule mama, fundi aliyepaua alikuja akashuhudia kuwa fedha ya mbao na bati aliipokea mkononi mwake. Warithi, Allah awalipe kheri, walikubali, na thamani ya paa ikatolewa kabla ya mgao. Kiwanja, msingi na matofali havikuwa na shahidi.