Bilauri na Mbeta: Vyombo vya Kinywaji katika Msamiati wa Kiswahili

Chombo cha kinywaji kinapohama, jina lake huhama pamoja nacho. Bilauri ni neno lililopokewa kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni jiwe angavu. Mvinyo limetokana na Kireno, na glasi na Kiingereza. Ufundi wa kupuliza kioo ulianza katika nchi za Shamu mnamo karne ya 1 kabla ya Kristo. Periplo ya Bahari ya Eritrea, iliyoandikwa karne iliyofuata, inataja vitu vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa Rhapta, pamoja na mvinyo uliotolewa pwani, si kwa biashara, bali kwa kuwaridhisha wenyeji.

Huko Njombe na Makambako historia ni nyingine. Kinywaji mashuhuri ni ulanzi, unaogemwa kutoka machipukizi ya mianzi wakati wa mvua. Mgema hukata ncha ya chipukizi, huichonga tena asubuhi na jioni, na kukinga utomvu kwa mbeta, yaani pingili ya mwanzi iliyofungwa chini kwa kifundo chake chenyewe. Ulanzi mpya na mtamu huitwa mtogwa; ukikaa na kukolea huitwa mkangafu.

Hivyo mmea mmoja hutoa kinywaji na chombo chake. Chombo hicho kinafaa pia kwa sababu ya kiufundi: ulanzi huendelea kuchacha na kutoa gesi, na chupa ya kioo iliyozibwa kabisa huweza kupasuka. Mbeta, iliyo wazi juu, haina hatari hiyo.

Kiisimu, kitenzi kugema, kilichozoeleka pwani kwa mnazi, kimeupokea mwanzi bila taabu. Methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji yaeleweka Njombe kama Unguja.

Makambako ni njia panda: barabara ya Zambia hukutana hapo na ile ya Songea, na reli ya TAZARA imepita hapo tangu miaka ya 1970. Katika vilabu vingi ndoo na majagi ya plastiki yamechukua nafasi ya mwanzi. Muuzaji hastahili lawama, kwa kuwa plastiki husafishika na kupimika kwa lita. Hasara i katika lugha. Bilauri ilipoipisha glasi mezani, ilibaki katika kamusi. Mbeta ikiachwa bila kuandikwa, yaweza kupotea yote, chombo na jina. Mwanakamusi hana budi kuliandika jina hilo pamoja na matumizi yake, maadamu mgema yupo wa kuulizwa.