Krismasi kwenye mashua: Raha ya mtu wa Ziwani asiyeenda ocha

Tuseme ukweli: mtaa unaitwa Ziwani na ziwa halimo. Kuna nyumba za kanjo za enzi za mkoloni, kuna Kariokor hapo karibu na Gikomba kidogo mbele, na maji yakitajwa, mara nyingi ni mtu anauliza kama mfereji umerudi. Ndiyo maana ukimwambia mse wa mtaa kwamba Krismasi utakuwa kwenye mashua, atadhani umepata doo za kwenda Mombasa.

Hapana. Miguu inakutosha.

Unajua Desemba inavyokuwa. Machakos Country Bus inafurika magunia na watoto, nauli inaruka, na wenye mashamba wanaenda ocha. Wewe unabaki. Labda umezaliwa hapa na ocha yako ni Eastlands, labda kazi haikukupa ruhusa, labda pesa imekataa tu. Usijifungie ndani na simu. Shika njia: Kariokor, Race Course Road, Tom Mboya Street, panda Kenyatta Avenue, vuka Uhuru Highway. Hapo uko Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969, na katikati yake kuna kiziwa cha kuchimbwa. Waulize wazazi wako kuhusu mashua za pale. Kwa vizazi kadhaa vya watoto wa Nairobi, nguo mpya ya Krismasi ilikuwa haijavaliwa mpaka ionekane kwenye ile mashua, na picha ya kukodi ipigwe.

Wengi hawaambiwi kwamba kupiga makasia kuna ujanja wake. Unakaa ukitazama nyuma, mgongo ukielekea unakokwenda. Kwa hivyo ukivuta kasia la mkono wa kulia peke yake, mashua inageukia kushoto kwako, na dakika tano za kwanza utazunguka palepale kama kuku aliyepotelewa na vifaranga huku watu wa ukingoni wakikucheka. Vumilia. Usivute kwa mikono mitupu, sukuma na miguu, egemea nyuma. Ukishapata mdundo, maji yanaanza kuteleza chini yako na kelele za magari ya barabara kuu zinakuwa kitu cha mbali. Kama umempeleka mtu wa maana, hapo ndipo mazungumzo huanza. Hakuna anayeweza kuondoka katikati.

Ulipofungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, mtu wa mjini asiye na gari alipoteza mojawapo ya sehemu chache za kukaa chini ya mti bila kuagiza soda. Nayo ilikaribia kupotea kabisa zamani. Mwaka 1989 serikali ya KANU ilitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 mle ndani. Profesa Wangari Maathai aliandika barua, akapiga kelele, akatukanwa bungeni, na mwishowe jumba halikujengwa. Kila ukishika kasia pale, kuna deni kidogo kwake.

Huko Uingereza hii raha ya mashua na Krismasi ni jambo kubwa, na ya kwao ina baridi ya kweli, si hii yetu ya Julai ya kuvaa hudi. Wana mifereji iliyochimbwa miaka zaidi ya 200 iliyopita kubebea makaa ya mawe na bidhaa za viwanda. Regent's Canal wa London ulikamilika 1820. Reli na malori yakaua biashara hiyo, mifereji ikajaa takataka, mingine ikafukiwa. Watu wa kujitolea wakaingia kwenye matope na sepetu wakaifufua. Leo kuna wanaoishi humo kwenye mashua ndefu nyembamba, upana wake kama mita mbili tu. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, maji yanaweza kuganda juu, na wao wako ndani, jiko la kuni linawaka, sufuria juu yake, taa za Krismasi dirishani. Mashua inatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Raha yenyewe ni huo upole.

Nasema hivyo kwa sababu Mto Nairobi nao unapita hapo chini yetu. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira alionyesha pale karibu na Globe kwamba maji haya yakisimamiwa yanasafika, na bustani ya pale ina jina lake. Machi 2025 serikali ilizindua mradi mwingine, wa Sh50 bilioni. Mimi ningependa sana kupanda mashua kutoka Kamukunji siku moja. Lakini sijasahau Mei 2024, mafuriko yalipopita na tingatinga zikafuata, nyumba za watu wa Mathare na Mukuru zikabomolewa kwa kuwa ziko ndani ya mita 30 za mto. Mto safi ambao jirani yako amefukuzwa ili wewe upige selfi, hiyo raha ina uchungu ndani.

Kama mna kachama kenu na mmechanga kidogo, nendeni Naivasha, kama kilomita 90 hivi, mrudi jioni hiyo hiyo. Ufuo wa umma wa Kamere una mashua za injini, na mkiwa kikundi mnagawana gharama. Elewaneni bei mkiwa bado nchi kavu. Fikeni asubuhi, ziwa likiwa limetulia na tai-mvuvi wako juu ya miti. Nahodha akisema hasogei karibu na kiboko, msimbembeleze wala msimwongezee pesa.

Na jaketi la kuokoa maisha ni la kila mtu, hata yule anayejisifu aliogelea mtoni akiwa mdogo. Ukiambiwa yameisha, ngoja zamu ijayo. Anayesimama kupigwa picha ndiye anayepindua wenzake, na pombe ingoje mpaka mshuke. Kwa Uhuru Park, ulizia kwanza kama mashua zinatoka siku hiyo, ufike kabla ya saa nne asubuhi, maana mchana foleni ya tarehe 25 ni ya watoto wa mji mzima. Beba njugu na maji kutoka nyumbani. Na mikono itakuuma kesho yake, hasa vidole. Boxing Day haina kazi, lala.