Ubingwa wa magonjwa ya akili Marekani: ukitaka kuwa profesa, usifuate jina tu

Wadau, kuna jamaa yangu daktari kijana kanibana kwa maswali. Kafaulu mitihani ya kuingia mafunzo ya ubingwa Marekani, kafanya intavyuu vyuo kadhaa upande wa magonjwa ya akili, sasa anatakiwa kupanga orodha. Ndoto yake siyo kufungua kliniki, ni kufundisha na kufanya utafiti. Kipi akiweke juu? Nikaona bora niandike hapa, maana hayuko peke yake.

Kwanza, mfumo wenyewe. Kule hushiki barua mbili mkononi ukachagua moja. Wewe unapanga vyuo kuanzia unachokipenda zaidi, vyuo navyo vinawapanga waombaji, halafu kompyuta inaoanisha. Wanauita Match. Majibu hutoka Machi, na yakitoka yamekufunga. Hesabu inayotumika tangu 1998 inaanzia kwenye orodha ya mwombaji. Aliyeongoza kuisuka upya, Alvin Roth, alipata Nobel ya uchumi mwaka 2012, na kazi hiyo ilichangia. Kwa hiyo panga kama unavyotaka kweli. Ukiweka juu chuo usichokipenda eti kwa kuogopa kukosa, unajiumiza bure.

Pili, muda. Mafunzo ni miaka 4. Mwanzoni kuna angalau miezi 4 ya tiba ya kawaida na miezi 2 ya mishipa ya fahamu, baadaye wodi, kisha mwaka mzima wa wagonjwa wa nje. Kwa kawaida nafasi ya kupumua inakuja mwaka wa 4. Lakini vyuo kama Yale, Columbia na Pittsburgh vina njia maalumu ya utafiti ndani ya mafunzo, inayokutengea muda kabla hujafika huko. Kwenye intavyuu uliza hivi: kila mwaka napata siku ngapi za utafiti? Imeandikwa wapi? Nikiwa huko, zamu zangu anashika nani? Ukijibiwa "sisi tunapenda sana utafiti", ujue hujajibiwa.

Tatu, mtu. Jina la chuo halikufundishi kuandika makala, msimamizi ndiye anayekufundisha. Uliza waliomaliza miaka 5 iliyopita wako wapi leo. Halafu ingia mtandaoni utafute makala za huyo msimamizi: majina ya wanafunzi wake yanatokea wa kwanza, au yamefichwa katikati? Chuo kisicho na jina kubwa chenye mlezi wa kweli kinaweza kukufikisha mbali kuliko chuo kikubwa ambako hakuna anayekujua.

Nne, na hapa ndipo wengi wetu tunapigwa chenga: viza. Wageni wengi huingia kwa J-1. Kwa daktari, viza hiyo inadai urudi kwenu miaka 2 baada ya mafunzo. Njia mojawapo ya kusamehewa ni kufanya kazi miaka 3 sehemu yenye upungufu wa madaktari, na huko mara nyingi ni kliniki asubuhi mpaka jioni. Pia ruzuku ya K23, ambayo watafiti wengi wa tiba huanzia hapo, inataka uwe raia au mkaazi wa kudumu. H-1B haina sharti la kurudi, lakini Septemba 2025 ilitangazwa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo muulize kila chuo kinatoa viza gani kabla hujafunga orodha.

Na je, kurudi nyumbani ni kushindwa? Hapana. Muhimbili, Makerere na Nairobi wana MMed ya magonjwa ya akili ya miaka 3, na tasnifu ni lazima, yaani utafiti unauonja mapema. Utafiti mkubwa wa vinasaba vya magonjwa ya akili, NeuroGAP-Psychosis, ulichukua washiriki Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Kazi ipo, na wagonjwa wetu wanaihitaji.

Jamaa yangu kaamua: juu kabisa kaweka chuo ambacho msimamizi wake ana mradi Afrika Mashariki. Akilazimika kurudi, anarudi na kazi yake mkononi. Mimi naona kacheza vizuri. Nyie mnasemaje? Kama kuna daktari aliyepitia huko, atumwagie uzoefu wake hapo chini.