Nakivale: Kabla ya Kumpa Mtoto Mshauri, Mwondolee Fimbo

Mvua kubwa ikipiga mabati ya darasa, watoto wengi hufurahi, maana somo husimama. Yule aliyekulia kwenye milio ya risasi Kivu, mashariki mwa Kongo, huweza kujikunyata chini ya dawati. Mwalimu asiyejua alikotoka ataona utundu tu, na fimbo haiko mbali.

Kambi ya Nakivale nchini Uganda, wilayani Isingiro, kusini mashariki mwa mji wa Mbarara, imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoingia Wanyarwanda. Leo Wakongomani ndio wengi, pamoja na Warundi, Wasomali na wengineo. Madarasa yamefurika, na kiwewe huja shuleni kimevaa sare kama wengine: kuna anayesinzia asubuhi kwa kuwa jinamizi limemkeshesha, kuna anayerusha ngumi akiguswa bega kwa nyuma, na kuna anayeukodolea ubao macho bila kuandika neno. Hofu ikishapanda, hesabu haziingii.

Wapo wanaosema tusubiri wataalamu. Nakivale yenyewe imekwisha kuwajibu. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo la tiba ya kusimulia, lililohusu watoto sita wa Kisomali wa miaka 12 hadi 17. Mtoto husaidiwa kuyapanga maisha yake tukio baada ya tukio, hadi lile la kutisha likae mahali pake, katika yaliyopita. Dalili za kiwewe zilipungua, na miezi tisa baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Mwaka 2008 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, wa Wanyarwanda na Wasomali 277. Waliotoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo, si madaktari. Mwishoni, takriban saba katika kila kumi waliosimulia hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe; kwa waliofuatiliwa tu bila tiba, hawakufika wanne.

Hilo halimpi mwalimu ruhusa ya kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake aeleze jinsi baba yake alivyouawa. Kusimulia kunataka faragha na mtu aliyefunzwa. Kazi ya mwalimu ni nyingine: ratiba isiyobadilika ovyo, sauti ya chini, kumwonya mtoto kabla ya kengele au kelele, kumkalisha anapouona mlango, na kujua ampeleke kwa nani hali ikizidi.

Na kuweka fimbo chini. Sheria ya Watoto ya Uganda, iliporekebishwa mwaka 2016, ilikataza adhabu ya viboko shuleni, lakini sheria peke yake haimfundishi mwalimu atulizeje darasa lililofurika. Mafunzo huweza. Katika shule za msingi 42 za Luwero, utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba palipotumika programu ya Good School ya shirika la Raising Voices, wanafunzi waliopigwa na wafanyakazi wa shule ndani ya wiki moja walikuwa asilimia 31, dhidi ya 49 kwingineko. Mbarara nako, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia wamejaribu mafunzo ya aina hiyo kwa walimu wa sekondari.

Kwa hiyo maarifa yapo jirani. Wanaopanga bajeti za shule za Nakivale waanze na walimu wenyewe, ambao baadhi yao pia walikimbia vita: wapewe mafunzo wakati wa likizo, mshauri mmoja anayejua Kiswahili kwa kila shule, na saa ya kukaa pamoja kusemezana yanayowaelemea. Mwalimu aliyelemewa hurudi kwenye fimbo hata kama amehudhuria semina zote.